Nilivyomfuata Abdirizak Kisiwani kwa Wagiriki

Mmeniuliza sana, wenzangu wa soko la maziwa. Wengine mliuliza kwa huruma, wengine kwa sababu maziwa ya ngamia yalikuwa yamechelewa kufika kutoka porini na midomo haikuwa na kazi. Nimechoka kusimulia vipande vipande, huyu nimpe mwanzo, yule nimpe mwisho, halafu hadithi inirudie ikiwa na mkia na pembe. Basi naandika. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa darasa la ngumbaru, na kwa sababu mwenzetu Mama Mutua hasomi Kisomali. Makosa mtanisamehe. Mwalimu wetu alisema herufi zangu zinatembea kama mbuzi wasio na mchungaji.

Abdirizak ni mjukuu wangu, mtoto wa kwanza wa binti yangu Fatuma. Sitajificha, nilijivuna naye. Mtaa mzima wa Bula mlikuwa mnajua akianza kusoma Kurani alfajiri, hata wenye punda walikuwa wakisimama barabarani. Alituambia anakwenda Uturuki kusoma. Kumbe alikuwa na mpango mwingine, ule wa vijana wetu wote, wa kupita baharini kwa mashua ya mpira mpaka Ulaya. Mashua ilipinduka karibu na kisiwa kimoja cha Wagiriki. Rafiki yake Yusuf, kijana wa Masalani, aliokoka, akatupigia kwa simu ya kuazima. "Ayeeyo," aliniambia, maana wote wananiita bibi, "tumemzika sisi wenyewe, vijana wa nyumbani. Hakuna mgeni aliyemgusa. Ni juu mlimani, penye mizeituni, na chini yetu kuna nguzo za mawe za zamani." Simu ikakatika. Yusuf mpaka leo hatujui yuko wapi.

Fatuma hakukubali. Aliwakataza watu wasije kusoma dua. Kila siku alimpakulia mwanawe sahani, jioni akawapa kuku. Nikimsemesha ananijibu, "Mama, maneno ya simu si maiti. Nani amemwona? Wewe umemwona?" Akawa anakauka kama mti uliozungushiwa moto shinani, na wadogo wa Abdirizak wanakaa na njaa kwa sababu mama yao yuko langoni anangoja mtu.

Nikamwambia nitakwenda nisimame juu ya kaburi hilo, nirudi nimwambie kwa mdomo wangu.

Akasema, "Ukirudi na neno la hakika, nitalia. Kabla ya hapo msinilazimishe."

Habari za viza na pesa sizisemi. Walionichangia wanajijua, Mungu awalipe.

Garissa hadi Nairobi

Tuliondoka na basi la asubuhi. Hata Garissa haijaisha nyuma yetu, tukateremshwa darajani, sote, tupange foleni na vitambulisho mkononi kama watoto wa chanjo. Askari alikuwa kijana mwenye meno mazuri.

"Shosho, unaenda wapi?"

"Ugiriki."

Akacheka. "Ugiriki ya Eastleigh, kwa Wasomali wenzako Nairobi?"

"Ugiriki ya Wagiriki. Nina kaburi la kutazama."

Akaacha kucheka. Akanirudishia kitambulisho kwa mikono miwili. "Pole, mama." Lakini basi halikuondoka, kwa sababu kulikuwa na mzee wa Liboi ambaye picha ya kitambulisho chake ilikuwa imefutika, na kila askari aliyekuja alitaka kuambiwa upya huyu ni nani. Mzee akawatajia baba yake, babu yake, baba wa babu yake, akaendelea mpaka jua likatuchoma utosi. Tulinunua matikiti maji tukala tumesimama. Mwishowe wakamwachia, nadhani kwa kuchoka. Alipokaa nyuma yangu akasema, "Walitaka picha. Mimi nikawapa watu."

Wengine wote walicheka. Mimi nilikuwa nafikiria kwamba baharini hakuna mtu wa kumtajia babu zako.

Angani

Karibu yangu ndegeni alikaa msichana wa Murang'a aliyekuwa akienda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Alilia tangu magurudumu yalipoinuka. Nikamfungulia kopo langu la nyirinyiri, nyama ya ngamia niliyoikaanga mwenyewe ikalala kwenye samli na iliki. Alionja kwa woga, kisha akachota kwa vidole vitatu.

"Cucu," yaani bibi kwa kwao, "hii nyama ni tamu kuliko ya Krismasi!"

"Kula. Huko uendako watakupa wali na masimango."

Akacheka kidogo, kamasi bado puani. "Na wewe unaenda kumwona nani?"

"Mjukuu wangu."

"Woi, atafurahi sana!"

Nilifunga kopo. Nikamwambia alale.

Yeye alishuka Uarabuni, mimi nikabadilisha ndege. Nilipofika Athens, ofisa mmoja alilifungua kopo lilelile, akanusa, akalitupa kwenye pipa. Eti nyama haiingii nchi yao. Nilimwambia kwa Kisomali mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Ngamia yule nilimjua tangu yuko tumboni mwa mama yake.

Athens na upepo

Hodan alikuwa akinisubiri nje. Hodan ni binti wa marehemu kaka yangu, anaishi Ujerumani, anasafisha hospitali huko, na aliomba likizo aje anisindikize. Ananiita eeddo, yaani shangazi, na ananisemesha kama vile nina masikio mabovu.

Chumbani nikatandika mswala nisali adhuhuri. Nilikuwa nimeshainua mikono, Hodan akanishika bega.

"Eeddo, umegeuka wapi? Huko ni kaskazini."

"Kwani Makka iko wapi?"

"Huku Makka iko kusini, mashariki kidogo. Tumeshaipita. Iko nyuma yako."

Sijawahi kuona aibu kama ile. Maisha yangu yote nimesali nikielekea kaskazini. Garissa hata mtoto akiamshwa usingizini atakuonyesha Kibla bila kufungua macho. Nikageuka, lakini mwili haukutaka. Katika kila sala niliyosali kule nilihisi kama nimevaa nguo ndani nje.

Kesho yake tulikwenda bandarini, tukaambiwa meli haziondoki. Upepo umekataza. Nikauliza upepo utatoa ruhusa lini, muuza tiketi akatuambia turudi kesho. Tukarudi siku iliyofuata, upepo. Watu walikuwa wamelala juu ya masanduku. Niliutazama ule mji mkubwa mweupe na lile jumba la kale juu ya mlima ambalo kila mtu analipiga picha, na moyoni nikawa nasema, kama meli ya chuma yenye ghorofa inaogopa maji haya, nani aliwapandisha watoto wetu kwenye mpira?



Melini

Upepo ulipolala tukapanda. Mara tu meli ilipong'oa nanga, mama mnene aliyekuwa mbele yetu alifanya ishara ya msalaba mara tatu, akafungua kikapu, akaanza kugawa chakula kama yuko kwake. Mkate mgumu, nyanya, jibini nyeupe ya mbuzi yenye chumvi ya kutosha kulamba kundi zima. Nilikula. Jibini ile ilinikumbusha maziwa yaliyosahauliwa kibuyuni, lakini mama akipewa na mama hatemi.

Aliniuliza kitu. Hodan hajui Kigiriki, anajua Kijerumani, na mama yule hajui Kijerumani. Basi akanionyesha kwa mkono: wewe, likizo? Jua? Kuogelea? Akafanya mikono kama anaogelea, na buibui langu hili! Watu wa karibu wakacheka, naye akacheka. Nami nilitabasamu. Ningemwonyeshaje kwa mikono nilichofuata? Ishara ya kuogelea ndiyo hiyohiyo, tofauti ni kwamba inakoma.

Mji wa bandarini

Kisiwa chenyewe, niseme haki, ni kama Wajir ikipewa bahari. Mawe, miiba, mbuzi wenye kengele shingoni, jua halina adabu. Nyumba nyeupe zimepandana mlimani. Mbele ya hoteli za chakula wametundika vitu kwenye kamba, nikadhani ni mipira ya tairi iliyochanika. Hodan akasema ni pweza, wanamkausha wamchome. Nikamwambia ale peke yake, mimi nitamtazama.

Siku hiyohiyo nilichuma zeituni mtini, nyeusi, nene, kama zambarau. Nikaitia mdomoni nzima. Wallahi, ulimi wangu ulirudi nyuma mpaka kooni. Hakuna aliyeniambia kwamba tunda lile haliliwi mpaka lilale kwenye chumvi miezi. Hodan alicheka mpaka akakaa chini, na huo ndio mchana pekee tuliocheka katika safari yote.

Mwenye nyumba tuliyopanga alikuwa bibi wa rika langu, amevaa nguo nyeusi tangu kichwani mpaka miguuni. Aliponiona akashika buibui langu, akashika gauni lake, akauliza kitu kwa sauti ya chini. Mtu wa duka la jirani akamtafsiria Hodan: kule kikongwe havai nyeusi isipokuwa amefiwa. Anauliza, umefiwa na nani?

"Mwambie hii ni nguo yangu tu ya kusafiria," nikasema kwa ukali. "Mwambie sijafiwa."

Hodan akamwambia jambo jingine. Najua, kwa sababu bibi yule alinikumbatia, akaniletea mkate uliomiminwa mafuta ya zeituni na asali nyeusi yenye harufu ya majani ya porini. Ilikuwa tamu. Iliniudhi kwamba ilikuwa tamu.

Nguzo za mawe

Yusuf alisema nguzo za mawe za zamani. Kumbe kisiwa kile kimejaa nguzo za mawe za zamani! Dereva wa teksi alitupeleka kwanza ufukweni, kwa sababu kila mgeni hutaka ufukwe. Tukamwambia hapana, nguzo. Akatupeleka mahali penye uzio na mlinzi, wazungu wamepanga foleni kuingia kutazama nyumba zilizobomoka. Kwetu nyumba zilizobomoka ziko nyingi, hakuna anayepanga foleni.

Niliingia. Palikuwa pakubwa. Sakafu za vijiwe vya rangi, samaki wamechorwa, mwanamke wa mawe hana kichwa. Ngazi ndefu za mawe zimezunguka kama bakuli, watu wa kale walikuwa wakikaa hapo kutazama michezo. Magoti yakaniuma nikakaa, na mlinzi akanipulizia filimbi.

"Anasema usikae hapo, eeddo."

"Muulize, haya mawe ya kukalia, yalichongwa ya nini?"

Hodan akanishika mkono akaniinua. Hapakuwa na mizeituni juu yake, ila maegesho ya magari. Tukaondoka. Mahali pengine tulikuta nguzo tatu na kanisa, hakuna kaburi. Mahali pengine tulikuta makaburi, lakini ya Wakristo, yana picha za wenyewe wamevaa suti, taa zinawaka, maua mabichi. Niliwaonea wivu. Ndiyo, niliwaonea wivu maiti. Kila mmoja alikuwa na jina na uso na mtu wa kumletea maji.

Jioni Hodan akaniambia polepole, "Eeddo, likizo yangu inaisha. Labda tumwombee tu kutoka hapa. Mungu anajua alipo."

"Mungu anajua. Fatuma hajui."

Shamba la mizeituni

Bibi mwenye nyumba ndiye aliyemleta mzee Stavro. Ni mfuga mbuzi, ujanani alifanya kazi kiwandani Ujerumani, kwa hiyo yeye na Hodan walielewana. Alisema juu kijijini kwao kuna shamba ambalo serikali iliwapa watu wa baharini wazikwe. Chini yake kuna nguzo. Anapalilia yeye, hajaagizwa na mtu, ni kwa sababu mbuzi wake hupita hapo na anaona haya.

Tukapanda na pikapu yake, nimekaa mbele, mbwa amekaa magotini pangu, mimi! Nilisema nitajitwahirisha baadaye.

Tulipofika nilishuka nikasimama. Mizeituni ya kijivu imejipinda kama wazee wenye baridi yabisi. Chini, nguzo zimesimama bila paa, na chini zaidi, bahari. Ilikuwa ndipo. Lakini makaburi yalikuwa mengi, wenzangu. Mistari na mistari ya vichuguu vya udongo, kila kimoja kimewekewa jiwe kichwani lenye namba. Hakuna jina.

"Yupi?" nikamuuliza mzee Stavro.

Akavua kofia. Hodan akatafsiri: "Anasema hajui. Kwa kawaida huja mtu mmoja Mwarabu, anawaosha na kuwazika kwa utaratibu. Lakini yeye mzee, majira ya baridi ya ajali ile, alikuwa amelazwa hospitali ng'ambo, hakuona kila maziko."

Nikaanza kutembea katikati ya mistari. Hodan akatoa simu yake, ile yenye mshale wa Kibla, na makaburi yote yaliufuata mshale. Maiti wetu hulazwa ubavu wa kulia, uso Makka. Kule Makka iko kusini, kwa hiyo mawe yote ya kichwani yalikuwa upande jua linakozama. Mstari baada ya mstari, kama safu ya msikitini. Nilikuwa nikisema Fatiha kwa kila mmoja, kwa sababu kila mmoja ana bibi.

Karibu na ukuta wa mawe nikaona kaburi moja lina jiwe upande wa pili. Upande jua linakochomoza.

Mzee Stavro akaniona nalitazama, akatikisa kichwa. "Anasema hilo jiwe liliwekwa miguuni kwa makosa," Hodan akasema. "Aliwaambia wafanyakazi walihamishe, hawakuhamisha."

"Si makosa ya jiwe," nikasema.

Kwetu Garissa, Makka iko kaskazini sawasawa, na maiti wetu, ili uso uangalie kaskazini kwa ubavu wa kulia, kichwa huwekwa mashariki. Tangu babu wa babu zetu. Nimewaona wakizikwa hivyo baba yangu, mume wangu, wanangu wawili. Nani atakayechimba kaburi namna ile katika kisiwa cha watu, isipokuwa watoto wa kwetu, wametoka majini jana, simu zimelowa, wanachokijua ni jua linakochomoza tu, wanatetemeka, hawataki mgeni amguse mwenzao? Walimlaza kama walivyoona nyumbani. Kwa upendo wote walionao walimlaza kama nyumbani.

"Eeddo," Hodan alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Lakini hapa kaskazini…"

"Najua. Nyamaza."

Mjukuu wangu, aliyekuwa akisimamisha wenye punda kwa Kurani, analala ameipa Makka mgongo.

Nilikaa chini pale. Mzee Stavro alitoa mkate na zeituni akaviweka juu ya kitambaa karibu yangu, akaenda mbali na mbuzi wake. Hodan akampigia sheikh wetu Garissa. Sheikh akauliza, ana muda gani ardhini? Tukamwambia majira ya baridi mawili yamepita. Akasema kama mngefika siku za kwanza ingewapasa kumfukua mumgeuze. Sasa mwili umeshabadilika. Haruhusiwi kuguswa. Muacheni, Mungu anaangalia nia.

Nilimshukuru. Neno lake ni la haki. Lakini mimi nilikuwa nimevuka dunia nzima kuja kuambiwa nimechelewa, na nilikuwa na mikono yangu miwili hapa, na udongo wenyewe ulikuwa laini.

Kurudi kwa Fatuma

Njiani kote, melini, ndegeni, basini, nilipiga hesabu moja tu. Nikimwambia Fatuma nimeliona kaburi, atauliza nimelijuaje katikati ya mengi. Hodan alipiga picha, lakini picha ya udongo ni udongo. Ushahidi wangu ni mmoja, na ushahidi huo ni kisu. Nikiuficha, binti yangu ataendelea kungoja langoni mpaka afe. Nikiutoa, atajua mwanawe amelazwaje.

Nilimkuta uani anapepeta mchele. Hakunisalimu. Alisema, "Umemwona?"

"Nimeliona kaburi."

"Makaburi ya Ulaya ni mengi. Umejuaje ni lake?"

Nikamwambia. Sikupunguza kitu. Nilimwonyesha kwa fimbo mchangani: hapa wengine wote, kichwa huku. Hapa yeye, kichwa huku.

Aliutazama ule mchoro. Aliuelewa haraka kuliko nilivyouelewa mimi. Aliweka ungo chini, na kilio kilichomtoka majirani mlikisikia, nyinyi mlikuja mbio, mkasema alhamdulillahi, sasa amekubali, sasa atapona. Watu wakaja wakasoma dua. Tulichinja. Mliponipongeza niliitikia.

Lakini usiku wa dua ulipokwisha aliniuliza neno moja, na ndilo neno la mwisho aliloniambia mpaka leo: "Mama, ungeshindwa nini kuniambia hukumpata?"

Anapika sasa. Wadogo wanakula. Chakula changu ananiwekea mlangoni, anageuka. Langoni hakai tena. Hivyo, mkiniuliza kama safari ilifaa, nilikwenda kuleta neno la hakika na nililileta.

Mimi nasali kama zamani, kaskazini, mwili haunisumbui tena. Ila kila nikielekea Makka najua kwamba ng'ambo yake, mbele zaidi, kushoto kidogo, yuko yeye juu ya mlima wake. Namtazama yeye mara tano kwa siku. Naye amenipa mgongo.